Familia kilimani na redio ya ridhaa: mwongozo kwa wa Arusha na Moshi

Redio ya ridhaa ni ile ya kuongea na watu wa karibu na wa mbali kwa kujifurahisha, si kwa biashara. Mwenye leseni yake akiishi Arusha au Moshi mjini, adui yake wa kwanza ni kelele. Chaja za simu, taa za LED za duka la jirani, inveta ya sola ya nyumba ya pili, zote zinanguruma ndani ya spika mpaka mshale wa mita ya nguvu za mawimbi unakaa juu, kwenye S7, kabla hajasikia mtu yeyote. Toka kilomita chache kupita nguzo ya mwisho ya TANESCO, kaa kwenye kilima chenye miti, na mshale unalala. Watu hudhani tunapanda kilimani kutafuta urefu. Kwa redio za mkononi za VHF, ambazo mawimbi yake huenda moja kwa moja, ni kweli. Kwa masafa ya HF, yale yanayorudishwa na tabaka za juu za anga mpaka mabara mengine, tunachofuata ni ukimya, pamoja na miti ya kutundikia waya bila gharama ya mlingoti.

Shida ni kwamba siku yenye nafasi ni Jumamosi, na Jumamosi ina wenyewe. Ukiondoka peke yako kila mara, nyumbani mtanuniana. Ukiwabeba wote bila mpango, saa tano tu watoto wameshauliza tunarudi lini. Ndiyo maana hapa nitaanza na mahali na watu, redio yenyewe itafuata.

Karatasi kwanza

Leseni inatolewa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, na kwa watu wa huku kuna ofisi ya Kanda ya Kaskazini Arusha. Kolisaini, yaani jina la kituo hewani, za Tanzania zinaanza na 5H. Beba leseni halisi na nakala moja. Mtu akiona waya mtini na sanduku linaloongea Kiingereza cha kukwaruza, ana haki ya kuuliza, na karatasi yenye muhuri hujibu haraka kuliko maelezo. Soma pia masharti ya leseni kuhusu watu wasio na leseni kuzungumza kwenye kituo chako. Leseni ni yako, hivyo mtoto au shemeji akishika maiki, wewe uwe pembeni yake, mkono wako ukiweza kufika kwenye swichi. Kama masharti hayako wazi, uliza ofisini kabla ya siku yenyewe.

Ardhi ni suala jingine. Msitu wa asili ulio juu ya vijiji vya Marangu, Kibosho na Machame ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro tangu 2005, na huingii humo kama unaingia shambani kwa mjomba. Mashamba ya miti ya serikali yako chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Nenda ofisini kwao, eleza unachotaka kufanya, lipa utakachoambiwa na uchukue risiti. Kwenye ardhi ya kijiji unaanza kwa mwenyekiti, halafu kwa mwenye miti. Usiruke hatua ya mwenye miti hata kama mwenyekiti amekubali.

Mazungumzo huwa mafupi ukiyaanza vizuri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibuni."

"Asante mzee. Tumetumwa na mwenyekiti kwako. Tunaomba tukae kwenye miti yako pale juu mpaka alasiri, tufunge waya, tuongee na watu wa nchi nyingine kwa redio. Jioni tunafungua kila kitu."

"Mmekuja na watoto? Haya. Hiyo waya haitaniitia radi?"

Mjibu ukweli: waya hauiti radi kutoka mbali, ila mawingu yakikusanyika mtaushusha mara moja. Kisha uulize swali ambalo wageni wengi hawalijui: "Mti gani una mzinga, mzee?" Huku watu wanatundika mizinga ya nyuki juu sana, kwenye majani mengi, na hutauona mpaka kamba yako iugonge.

Mlima usikuzibie

Hapa ndipo penye siri ya eneo letu, na ndipo nitakaa zaidi.

Stesheni nyingi utakazozisikia ziko Ulaya, na Ulaya kwetu ni kaskazini. Ukitaka kuelekea London kutoka Arusha, dira inasoma kama nyuzi 335, yaani kaskazini ukiegemea kidogo magharibi. Moscow ni kaskazini moja kwa moja. Sasa tazama kilichosimama huko. Meru ina mita 4,562, mji wa Arusha uko kama mita 1,400, na kati ya mji na kilele kuna takribani kilomita 15. Piga hesabu, mlima unainuka nyuzi 12 juu ya upeo, kaskazini-mashariki mwa mji. Moshi mambo ni yale yale: Kibo, kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895, iko kaskazini kabisa, kilomita 31 hivi, na inainuka nyuzi 9. Mawimbi ya kwenda kilomita 6,000 na zaidi huondoka chini chini, mara nyingi kwa pembe hizo hizo au ndogo zaidi. Mlima ambao wageni wanalipia kuuona unakula sehemu ya nguvu zako.

Kwa hiyo usichague kilima kwa sababu tu kina mandhari nzuri ya Kibo. Simama pale unapotaka kukaa, fungua dira ya simu, elekea nyuzi 335. Nyoosha mkono wote mbele, kunja ngumi, weka ukingo wake wa chini kwenye mstari wa upeo. Upana wa ngumi kwa mkono ulionyooka ni kama nyuzi 10. Kama mlima unafunika ngumi nzima au unaipita, sogea. Ukifunika nusu ya ngumi, endelea, utasikika.

Kwa watu wa Arusha, vilima vyenye miti vya Sambasha, kusini-magharibi mwa Meru, viko karibu na mjini na mlima unabaki zaidi upande wa kulia unapoelekea Ulaya. Milima ya Monduli ni bora zaidi kwa redio, kwa kuwa Meru inabaki nyuma kabisa, mashariki. Lakini msitu wa juu una nyati, na mjini Monduli kuna chuo cha jeshi. Usitandaze waya mahali popote karibu na kambi, hata kama hakuna kibao. Mwanajeshi hatakuwa na muda wa kusikiliza habari za mawimbi ya mita 17.

Kwa watu wa Moshi, chaguo langu ni Usangi au Ugweno, kwenye milima ya Pare Kaskazini. Barabara inapanda kutoka Mwanga, hali ya hewa ni ya ubaridi, miti ipo hadi mashambani. Kutoka Usangi, Kibo iko kwenye nyuzi zile zile za London, jambo linaloonekana baya kwenye karatasi, ila umbali ni kama kilomita 75, na kwa umbali huo mlima unainuka nyuzi 3 na nusu tu. Robo tatu ya siku hata hutauona kwa mawingu. Haukuzibii kitu cha maana.

Kama mna redio ndogo za mkononi za mita 2, zile za VHF, urefu nao unaanza kuwa na faida. Upeo wa redio kwa kilomita ni 4.12 mara kipeuo cha pili cha urefu wako kwa mita. Ukiwa mita 400 juu ya tambarare, unafika kilomita 82, hata kwa wati 5, ilimradi hakuna mlima katikati. Jaribu megahezi 145.500.

Kuhusu majira: Machi hadi Mei ni masika, kaa nyumbani. Juni hadi Agosti hakuna radi nyingi, lakini ukungu na baridi vya milimani vitamshinda bibi. Januari, Februari na Septemba ndiyo miezi ninayoipendekeza. Vuli inawezekana ukiwa mtu wa kuangalia mawingu.

Mzigo

Redio ya wati 20 inatosha kabisa. Ya wati 100 ni raha, ila inaweza kuvuta ampea 20 inapotuma, na hapo betri inakuwa mzigo wa mtu mzima. Ya wati 5 inahitaji uvumilivu ambao watoto hawana.

Hesabu ya betri ifanyike kabla ya kuondoka. Redio ya wati 20 ikisikiliza tu inakula kama nusu ampea. Kwa saa nne hiyo ni ampea-saa 2. Ikituma kwa sauti, wastani ni ampea 2 hadi 3, na ukituma robo ya muda, ongeza 2 na nusu. Jumla ni kama ampea-saa 5. Betri ya kawaida ya asidi ya 7, kama zile za mifumo ya kengele, haitakiwi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo inakupa 3 na nusu tu na itakuacha njiani. Ya lithiamu (LiFePO4) ya 12 inamaliza siku bila wasiwasi na uzito wake hauzidi kilo mbili. Usitegemee betri ya gari. Kwanza hamtaki kusukuma Noah jioni. Pili, kwenye mpango wa SOTA, ulioanza Uingereza mwaka 2002 na unaotoa pointi kwa wanaorusha kutoka vileleni, umeme wa gari hauruhusiwi, na unatakiwa uongee na watu wanne ili upate pointi za kilele. Hata kama hamfuati pointi, ni zoezi zuri.

Vingine: kebo ya antena ya RG-58 mita 15, kalamu mbili, kauntabuku, atlasi ya shule, mkeka, turubai, sanduku la huduma ya kwanza, maji mengi kuliko mnavyodhani, na hedifoni zenye kigawanyio ili watu wawili wasikie pamoja. Chakula nawaachia wenyewe, ila kiwe cha mkono mmoja. Chapati na mayai ya kuchemsha vinashinda machalari, kwa sababu mwenye maiki hawezi kushika bakuli.

Antena ya kutengeneza mezani

Hii ifanyeni wiki moja kabla, na watoto. Gawanya 143 kwa masafa ya megahezi, unapata urefu wa daipoli nzima, yaani antena ya waya yenye mikono miwili, kwa mita. Mimi nashauri bendi ya mita 17, yaani 18.068 hadi 18.168. Sababu ni moja: wikiendi, bendi za mita 20, 15 na 10 hujaa mashindano, watu wanapiga kelele za namba na hawana muda na mtoto. Kwenye mita 17 mashindano hayafanyiki. Kwa 18.14 urefu ni mita 7.88, yaani 3.94 kila upande. Nunua waya wa umeme wa milimita 1.5 duka lolote la vifaa vya ujenzi. Kata mita 4.10 kila upande, ili upate pa kufungia.

Katikati weka kipande cha bomba la plastiki chenye matundu matatu: mawili ya nyaya, moja la kamba ya kuinulia. Waya mmoja unaungwa kwenye moyo wa kebo, wa pili kwenye wavu wake. Karibu na maungio hayo zungusha kebo mara kumi kwenye bomba nene, ufunge kwa utepe. Mizunguko hiyo inazuia mawimbi kurudi kwa nje ya kebo mpaka kwenye maiki na kukuuma mdomo.

Waya wenye ganda la plastiki hufanya kazi kana kwamba ni mrefu kuliko ulivyo, kwa hiyo ukiupima mara ya kwanza, SWR, kipimo cha antena kukubaliana na redio, itakuwa nzuri chini ya bendi. Usikate. Kunja ncha irudi juu ya waya wenyewe na uifunge. Sentimita 4 kila upande zinahamisha antena kama kilohezi 180, na bendi nzima ina 100 tu, kwa hiyo kunja sentimita moja moja, pande zote mbili sawa.

Ukitaka na majirani wa Nairobi, Dar na Kampala, tengeneza ya pili ya mita 40: karibu mita 10 kila upande, kwa 7.1. Hiyo ikae chini kidogo, mita 5 au 6 kutoka ardhini, itupe mawimbi juu yarudi karibu.

Kuupandisha mtini

Mashine bora ya kupandishia antena inauzwa mitaani kwetu kwa bei ya soda: manati. Chukua mshipi wa kuvulia, funga risasi ya ndoano mwishoni, tandaza mshipi chini kwa mikunjo mipana kwenye turubai ili usijifunge. Chagua tawi la mita 8 hadi 10, lililo wazi kwa chini. Watu wote wasimame nyuma ya mpigaji, bila ubishi, maana risasi ikikwama kwenye gome huruka kurudi. Ikivuka tawi, iache ishuke kwa uzito wake; ikining'inia juu, tikisa mshipi polepole mpaka ishuke. Usivute kwa nguvu. Ikifika chini, funga kamba ya nailoni kwenye mshipi, vuta, kisha kamba inavuta kitovu cha antena.

Mtoto wa miaka kumi na kuendelea hupiga manati kuliko baba yake. Mpe kazi hiyo. Ndiyo sehemu atakayoisimulia shuleni.

Epuka mkaratusi mkubwa, hudondosha matawi hata siku isiyo na upepo. Misindano ya shambani ni mizuri, imenyooka, lakini matawi ya chini huwa yamekauka, tafuta bichi. Usifunge kitu chochote upande uliko waya wa TANESCO, hata ukiwa mbali: pima umbali, uwe angalau mara mbili ya urefu wa antena na kamba zake.

Ncha mbili zishuke pande mbili, mashariki na magharibi, zibaki juu ya kichwa cha mtu mzima aliyenyoosha mkono. Waya ukienda mashariki hadi magharibi, nguvu nyingi inakwenda kaskazini na kusini, ndiko tunakotaka. Pembe kati ya mikono miwili isipungue nyuzi 90. Ncha za antena ndipo penye volti kubwa wakati wa kutuma, kwa hiyo mtoto asiguse, hata kwa wati 20. Funga vitambaa vyekundu kwenye kamba, kwa ajili ya watoto wanaokimbizana na kwa ajili ya ng'ombe wa mzee.

Kambi

Kabla ya kutandika mkeka, tembea mzunguko mmoja ukitazama chini. Unatafuta siafu. Msafara wao unaonekana kama mstari mweusi unaosogea, na ukikaa juu yake utajua baada ya dakika mbili, wote kwa pamoja. Tazama pia upupu kwenye vichaka, na mwelekeo wa upepo: upepo wa mchana hutoka bondeni kupanda, kwa hiyo jiko la mkaa liwe upande wa juu wa watu, mbali na majani makavu. Ndani ya shamba la TFS usiwashe moto bila ruhusa. Chupa mbili za chai zinamaliza suala hilo.

Kima watakuja. Watakaa juu, watahesabu maandazi, na watashuka mara tu mtakapogombania maiki. Chakula kikae ndani ya ndoo yenye mfuniko, na mtu mmoja awe mlinzi wake. Bibi anafaa, ana fimbo na hana haraka.

Sasa gawa kazi. Hapa ndipo siku inapona au inapokufa. Mtu wa maiki ni mmoja, akibadilishwa kila nusu saa. Wa pili anavaa hedifoni za pili na kuandika herufi anazosikia, hata mbili tu. Wa tatu anashika kauntabuku. Wa nne ana atlasi, kazi yake kutafuta nchi. Kolisaini zina vichwa vya nchi: DL ni Ujerumani, I Italia, F Ufaransa, G Uingereza, JA Japani, ZS Afrika Kusini, 5Z Kenya, 5X Uganda. Mnaweza kuviandika nyuma ya daftari.

Herufi zinatajwa kwa majina ya kimataifa: Alfa, Bravo, Charlie, Delta, mpaka Zulu. Wafundishe njiani, ndani ya gari, kwa namba za magari. Mbele yenu kuna T 415 DKE, wa nyuma wanataja: "Delta, Kilo, Echo!" Kufika Mwanga wameshaziweza, na hakuna aliyeuliza mmebakiza kilomita ngapi.

Hewani

Fikeni saa tatu asubuhi, antena iwe juu saa nne na nusu, muanze saa tano. Kipindi cha saa tano mpaka saa kumi, bendi za juu zinafunguka kuelekea Ulaya, na alasiri huwa na nguvu zaidi. Kwa sauti juu ya megahezi 10, weka redio kwenye USB (ukanda wa juu). Kwenye mita 40 ni LSB (ukanda wa chini).

Sikiliza kwanza dakika kumi. Tafuta nafasi tupu kati ya 18.115 na 18.160, uliza kama inatumika, mara mbili. Kimya? Ita: CQ, mwito kwa yeyote anayesikia, mara tatu, kolisaini yako kwa herufi na namba, mara mbili, malizia na "portable", yaani uko nje ya nyumbani. Kisha achia kitufe na usubiri sekunde tano kamili. Wanaoanza huita tena haraka na kuwafunika waliokuwa wanajibu.

Jiandae kwa jambo moja. Tanzania haisikiki kila siku. Ukisikika, wanaweza kukujibu kumi kwa mpigo, na masikio yako yatapata uji. Usihangaike kushika kolisaini nzima. Muulize mwenye hedifoni amesikia herufi gani, akisema "Kilo na Lima," sema hewani: "Kilo Lima, go ahead." Wengine watanyamaza, wengi wao angalau. Mpe ripoti ya jinsi anavyosikika, kwa kawaida 59, pokea yake, ataje jina, taja lako, mwambie uko kilimani Tanzania na familia, sema 73, ambayo ni salamu za kuagana, nenda kwa anayefuata. Ikiwa mtoto ndiye mwenye maiki, mwandikie sentensi tatu kwenye karatasi: jina, umri, mahali. Wazee wa Ulaya waliokuwa wanagombana sekunde iliyopita hunyamaza wote wakisikia sauti ya mtoto.

Ukimpata Mkenya au Mtanzania mwenzako kwenye mita 40, tupa Kiingereza kando. Hapo ndipo bibi naye huomba maiki, na mazungumzo yanahama kutoka ripoti za mawimbi kwenda bei ya mahindi na mvua imefika wapi. Mwacheni. Kumbusha tu asifanye biashara, maana redio ya ridhaa si ya kuuzia.

FT8, njia ya kompyuta kutumiana ujumbe mfupi iliyoanza 2017, inafika mbali kwa nguvu ndogo. Iache nyumbani siku hii. Watoto watatu wakitazama skrini inayojiandika yenyewe, wataomba simu.

Daftari linaandikwa kwa saa za UTC, saa za kimataifa, na sisi wa Kiswahili tuna bahati: mchana, chukua saa yetu, ongeza tatu. Saa tano asubuhi ni 08 UTC, saa nane mchana ni 11 UTC. Andika tarehe, saa, kolisaini, bendi, ripoti mliyotoa na mliyopokea. Mstari mmoja kwa mtu mmoja, na jina la mtoto aliyeongea naye pembeni.

Kama kuna redio ya mkononi, pangeni mapema kwa programu ya simu saa ambayo kituo cha anga za juu cha kimataifa, ISS, kitapita juu yenu, kisha msikilize megahezi 145.800. Mara nyingine ni kimya kabisa, mara nyingine mnasikia mwanaanga akijibu maswali ya shule. Mapito mazuri huchukua dakika kumi hivi, kwa hiyo hakuna anayechoka.

Radi

Mkisikia ngurumo hata moja, shughuli imeisha. Chomoa kebo kwenye redio kwanza, shusha antena, watu waingie ndani ya gari lenye bati, madirisha juu. Msikae chini ya mti mrefu mliotundikia waya. Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka mshindo: kila tatu ni kilomita moja. Subiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho kabla ya kufikiria kurudi, na kwa kawaida mtaona ni heri kwenda nyumbani. Spika ikianza kutoa milio ya kupasuka inayozidi huku mawingu yakiwa bado mbali, hiyo nayo ni taarifa, anza kukusanya.

Kufunga

Shusheni saa kumi, jua likiwa bado na nguvu. Ifikapo saa moja jioni giza linaingia, na mkishuka Usangi au Monduli mnataka kuona barabara. Fungua mafundo yote ya ncha ya kamba kabla ya kuivuta ipite tawi, la sivyo itakwama juu. Mshipi wote urudi mkononi. Ukibaki mtini unakata mbega na ndege. Pita mahali pote mara moja mkiwa mmepanga mstari, watoto kwa wakubwa, mkiokota. Kisha mrudi kwa mzee, mumuage, mmuachie maandazi yaliyobaki na mumwambie mmeongea na nchi gani. Akitaka kujua kama waliisikia Usangi, mwonyeshe daftari.

Usiku huo huo, betri ikiwa ya asidi, ichaji, kwani ikilala tupu inaharibika. Ya lithiamu inaweza kusubiri Jumapili. Kolisaini zote ziingize kwenye LoTW au Club Log, madaftari ya mtandaoni ya redio ya ridhaa, ndani ya siku chache, kwa kuwa waliokusikia wanasubiri uthibitisho wa 5H, na wengine watauliza anwani ya kutuma kadi. Ukiwapa SLP, kadi zitaanza kufika baada ya wiki au miezi. Mgawie kila mtoto zile zenye jina lake pembeni ya daftari.